Panga meza kwa kazi, si kwa kabila

Mahema kumi yamepangwa mstari mmoja, kila moja na kibao chake: Wakamba hapa, Waluo pale, Wasomali mwisho kabisa karibu na lango. Siku nyingi za utamaduni Nairobi hupangwa hivyo, iwe shuleni, kanisani au mtaani. Ikifika saa tisa alasiri kila mtu amekaa hema la kwao, anakula chakula kilekile alichokula juzi nyumbani. Yule wa jamii ndogo amebaki na meza ya watu wawili, yeye na dada yake, wanafukuza nzi.

Kosa liko kwenye vibao. Mtu akisoma jina la kabila mlangoni anaona ni nyumba ya watu, na nyumba ya watu huingii bila kualikwa. Katika jiji ambalo halijasahau ghasia za baada ya uchaguzi za mwanzo wa 2008, vibao hivyo ni vizito kuliko tunavyopenda kukiri. Halafu kuna hesabu isiyoisha: Wanubi wa Kibra wana hema? Wahindi, ambao serikali iliwatangaza jamii ya 44 mwaka 2017? Wamakonde, waliotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho? Washona, ambao wengi wao walipata uraia 2021? Kila orodha utakayoandika itamwacha mtu nje, na aliyeachwa hasahau.

Kuna njia nyingine. Weka meza ya mboga za majani, meza ya maziwa ya kuchachuka, meza ya unga, meza ya uzi na shanga, meza ya maamkizi, na kona ya ngoma. Kila meza iwe na watu wa jamii tatu au nne wanaofanya kazi ileile kwa njia tofauti, na kila anayefika ashike kwa mkono wake. Kikao kimoja ni dakika 20, watu wanane kwa meza. Ukiwa na meza sita, watu 48 wana kazi mikononi kwa wakati mmoja, na mkusanyiko wa watu 150 unazunguka vizuri kwa saa nne. Wakizidi 200 meza hizo hazitoshi. Ongeza meza ya pili ya unga kwanza, kwa sababu ndiyo inayojaza watoto.

Siku na ruhusa

Tarehe rasmi ni 21 Mei. UNESCO ilipitisha Azimio la Dunia kuhusu Utamaduni Anuwai tarehe 2 Novemba 2001, na kifungu chake cha kwanza kinasema anuwai hiyo ni muhimu kwa binadamu kama bioanuwai ilivyo muhimu kwa viumbe. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaitenga 21 Mei kuwa Siku ya Dunia ya Utamaduni Anuwai kwa Mazungumzo na Maendeleo. Hapa kwetu wengi wamezoea 10 Oktoba, lakini tarehe hiyo imebatizwa mara nyingi: Siku ya Moi, kisha Huduma, kisha Utamaduni, na tangu 2024 ni Mazingira. Likizo ipo, jina usilitegemee.

Shida ya 21 Mei ni mvua. Masika huwa yanaelekea kuisha lakini ardhi bado imelowa, na Eastlands kwenye udongo mweusi wa pamba, nguzo za hema hulegea saa mbili baada ya kuchimbiwa. Zifunge kwenye madebe yaliyojaa kokoto badala ya kutegemea vigingi, na chini ya meza za chakula panga mbao za paleti. Upande wa Dagoretti na Kangemi udongo mwekundu hushika vizuri, ila huteleza.

Jumamosi inawaacha nje Wasabato wote, na Wasabato ni wengi mitaa yenye Wakisii na Waluo. Ijumaa mchana ni swala. Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni ndiyo inayokubalika na wengi: kanisa limetoka, na Wasabato wanaopika wana usiku mzima wa Jumamosi baada ya jua kuzama, karibu saa kumi na mbili na nusu. Swala ya alasiri huingia kama saa kumi kasoro. Simamisha ngoma kwa dakika 20, weka mikeka na maji ya udhu pembeni, na usitangaze kwa kipaza sauti kana kwamba ni tukio.

Barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ipelekwe mapema. Sheria ya mikutano ya hadhara inataka taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Hata kama siku ya utamaduni haihesabiwi kuwa mkutano wa siasa, ipeleke, upigiwe muhuri nakala yako, na nakala nyingine apewe chifu. Uwanja wa kaunti na vipaza sauti vina vibali vyao. Kinachoangusha wengi hapa ni kuandika "sherehe" kwenye barua moja na "mkutano" kwenye nyingine. Ofisa akiona majina mawili anadhani ni mambo mawili.

Meza ya mboga

Hii ndiyo meza ya kuanza nayo hata kama huna pesa za nyingine. Chukua mmea mmoja tu, mnavu. Mkikuyu atauita managu, Mluo osuga, Mkisii rinagu, Mluhya lisutsa. Andika majina yote kwenye kadi moja kubwa na uiweke juu ya fungu la mboga mbichi. Hapo utaona kitu ambacho hema la kabila haliwezi kukupa: watu wanne wasiojuana wanabishana kuhusu sufuria moja. Mgagani unafanya kazi hiyo pia: chinsaga kwa Wakisii, dek kwa Waluo, saga kwa Waluhya.

Kwa vionjo vya watu 150 nunua kilo 15 za mnavu wenye vijiti. Ukichambua hubaki kama nusu, na ukipika unapata kilo 6 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa kwa mtu. Toa vitunda vyote vya kijani, kimoja kimoja. Vikiwa vibichi vina sumu, na mchambuaji wa haraka huviacha ndani ya majani. Osha kwa maji matatu. Muulize mama mboga zimekuzwa wapi: zinazomwagiliwa kwa maji ya mito michafu ya jiji zinapendeza kwa macho lakini hazifai meza ya watoto. Ukienda soko la Marikiti, nenda kabla ya kupambazuka, ufunge kwa gunia lililoloweshwa. Mnavu ulionunuliwa saa nne asubuhi utakuwa umelala kabla ya saa nane.

Sasa weka majiko matatu. La kwanza linapika kwa njia ya haraka ya Nairobi: kitunguu, nyanya, mboga, dakika kumi. La pili linachemsha kwa maji kidogo, linamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha linatia maziwa yaliyochemshwa, lita 1 kwa kilo 3 za mboga iliyoiva. La tatu linachanganya mnavu na kunde na mrenda. Hapo wazee wa Magharibi mwa Kenya watataka munyu musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Wasioyapata hutumia magadi. Kinachohitajika ni kiasi cha ncha ya kijiko kwa sufuria ya familia. Ikizidi mboga inakuwa laini kama uji na ladha ya sabuni.

Makosa mawili hutokea kila mara. Mtu akiona jiko la kwanza linapendeza, anamimina maziwa kwenye sufuria iliyotiwa nyanya. Maziwa yanakatika mapandemapande kwa sababu ya ukali wa nyanya, na sufuria nzima inaonekana imeharibika. Pili, mgagani wa maziwa ni wa siku mbili: unapikwa leo, unatiwa maziwa, unalala, unapashwa kesho na kutiwa tena. Ladha yake yote iko hapo. Lakini ukiufunika ungali na joto na kuuacha mezani hadi asubuhi, umefuga vijidudu. Upoeze haraka kwa kuiweka sufuria ndani ya karai la maji baridi, uuweke kwenye friji, na kesho yake uuchemshe kabisa, siyo kuupasha tu.

Jambo la kujivunia bila makelele: Kenya ilianza mwaka 2007 kuorodhesha vyakula vyake vya asili, na mimea kama 850 ikaandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Mwaka 2021 kazi hiyo iliingia kwenye rejista ya UNESCO ya mifano mizuri ya kuhifadhi turathi. Mambo mengine yetu yaliyotambuliwa, kama mila za kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda (2009), ngoma ya isukuti ya Waluhya (2014), jando na marika ya Wamaasai (2018) na ibada za Kit Mikayi, jiwe takatifu la Waluo (2019), yote yako kwenye orodha ya yanayohitaji kuokolewa haraka. Mboga iko upande wa mafanikio. Kadi moja yenye sentensi hizo inatosha pale mezani. Hotuba ya nini.

Maziwa na unga

Mursik, maziwa ya kuchachuka ya Wakalenjin, unaanza Jumatatu au Jumanne ukitaka kuunywa Jumapili. Kibuyu, sotet, kioshwe, kikaushwe kabisa, kisha kipakwe ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Maziwa yachemshwe, yapoe, yamiminwe, kibuyu kifungwe na kukaa mahali penye ubaridi siku tatu hadi tano au zaidi. Kibuyu kilichobaki na unyevu huota ukungu, na maziwa yasiyochemshwa ni hatari kwa wageni ambao matumbo yao hayajui chochote kuhusu ng'ombe huyo. Andika kwenye kadi kwamba rangi ya kijivu ni mkaa. Bila kadi hiyo, kuna mtoto atakayemwaga kikombe akidhani ni uchafu.

Pembeni yake weka maziwa ya ngamia yaliyochachuka, susa, ambayo Eastleigh hayakosekani. Watu watasema hayajaganda vizuri. Hayagandi kama ya ng'ombe, kwa kuwa protini inayoshikanisha maziwa ni kidogo ndani yake, kwa hiyo hubaki mepesi hata yakiwa chachu kabisa. Tatu, chaas ya Wagujarati: mtindi, maji mara mbili yake, bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, chumvi. Vikombe viwe vidogo, mililita 50. Watu 150 ni lita 7.5, kwa hiyo lita 8 za kila aina zinatosha. Yote yakae kwenye kasha la barafu chini ya meza na yatolewe jagi moja moja; saa mbili juani zinatosha kuyaharibu.

Unga una mtego mmoja wa Nairobi ambao wapishi kutoka Pwani na Garissa hukutana nao kila mwaka. Canjeero ya Wasomali na mkate wa kumimina wa Waswahili vyote vinategemea rojo iumuke. Mombasa rojo inaumuka kwa urahisi usiku mmoja. Nairobi mwezi wa Mei hadi Julai usiku ni wa baridi, na rojo ileile inaweza kuhitaji saa 12 na zaidi. Uifunike blanketi, au uiweke karibu na jiko lililozimwa ambalo bado lina vuguvugu. Ukiona mtu anaongeza hamira asubuhi kwa hasira, ujue mkate utanuka hamira.

Canjeero humiminwa katikati ya chuma kisha ikazungushwa kwa kitako cha upawa hadi ukingoni, ikafunikwa, ikaiva upande mmoja tu. Chapati husukumwa, hupigwa mafuta, huviringwa kama konokono, husukumwa tena, huiva pande mbili. Weka vyuma hivyo viwili sambamba na gurusa nyembamba ya Wanubi katikati, na kazi ya kueleza imekwisha. Pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano hutoa chapati kama 20. Ukizikata mara nne ni vipande 80, kwa hiyo pakiti mbili zinatosha watu 150. Ugali usiwe wa kuonja. Ukipoa unakuwa tofali, labda kama kuna mtu wa kusonga wa kilo moja kila nusu saa, na mtu huyo huwa hapatikani.

Pilau kila mtu ataitaka. Kilo 8 za mchele na kilo 4 za nyama zinatosha kwa kuonja. Usizidishe maji kwa hesabu ya vikombe vya nyumbani: sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo ya mchele, kwa hiyo ukitia vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele kama kawaida, unapata bokoboko. Anza na kimoja na nusu, uongeze kwa kunyunyizia.

Nyama yote ya shughuli iwe halali, kutoka bucha moja, na nguruwe asiwepo. Ni rahisi kuliko kuweka alama kwenye vyungu kumi. Wasiokula nyama wapate jiko lao, upawa wao na kisu chao. Kuna Wajaini ambao hawali hata kitunguu, kitunguu saumu na viazi, kwa hiyo chakula kimoja kiwe bila vitu hivyo. Njugu ziandikwe kwa herufi kubwa, maana huku mchuzi wa njugu hujificha ndani ya mboga. Maji: madumu 20 ya lita 20. Utadhani ni mengi hadi saa tisa.

Uzi, shanga, hina

Kiondo hakifundishwi kwa dakika 20, na anayejaribu anaishia kuwaonyesha watu kiondo kilichokwisha. Fundisha kusokota katani pajani tu: nyuzi mbili kavu, kiganja kinazisukuma mbele kila mmoja peke yake, kisha kinazirudisha nyuma zikiwa zimeshikana. Ngozi ya paja itawasha. Wape wageni kipande cha khanga cha kufunika, na bakuli la maji ya kulowesha vidole. Kila mtu aondoke na kamba ya urefu wa mkono wake.

Shanga zinataka sinia yenye kitambaa cha manyoya, la sivyo zitabingirika hadi kwenye matope. Bangili ya mtoto ya sentimita 15 inakula shanga ndogo kama 80 kwa mstari. Tuna ombi moja kwa waandaaji: msiandike bango la "nyekundu maana yake hivi, buluu maana yake vile". Maana za rangi hutofautiana kutoka sehemu moja ya Umaasai hadi nyingine na kutoka kizazi hadi kizazi. Muulize aliyeketi pale, naye aseme za kwao.

Hina hutengenezwa Jumamosi usiku: poda gramu 100 iliyochekechwa kwenye kitambaa, maji ya ndimu, sukari kidogo, ilale usiku kucha. Inatoa koni 12 hivi. Iachwe mkononi angalau saa nne. Aliyepakwa saa kumi na moja ajue ataenda nayo nyumbani. Rangi ya siku ya kwanza ni ya chungwa, hukolea kesho na keshokutwa. Piko isiingie kabisa. Ile rangi nyeusi ya nywele inayochorwa kama hina hupendwa kwa kuwa inashika haraka, lakini kemikali yake, paraphenylenediamine, inaweza kuchoma ngozi na kuacha kovu, na aliyedhurika mara moja hudhurika vibaya zaidi safari ijayo. Mpakaji akija na koni asizotengeneza yeye mwenyewe, muulize zina nini. Asipojua, asipake.

Ngoma

Ngoma zikae mbali na meza ya maamkizi, hatua 40 au zaidi. Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wenyewe huziita baba, mama na mtoto, na hakuna mazungumzo yanayosikika karibu nazo. Dakika 15 za kuchezewa, kisha dakika 20 za kufundisha mdundo wa ngoma ndogo peke yake. Mpiga nyatiti anahitaji kigoda kifupi na sakafu kavu: nyuzi nane ziko mikononi, na kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga ubao wa ala. Kwenye nyasi zilizolowa, mguu unateleza na mdundo unapotea. Kimila ilikuwa ala ya wanaume. Mjapani anayejulikana kama Anyango alikwenda Nyanza kujifunza na akatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuipiga kitaaluma, kwa hiyo msichana akitaka kuigusa msimzuie kwa jina la mila.

Kitu cha kuacha ni maonyesho ya mavazi. Nguo za "kitamaduni" zinazokodishwa jijini, zile za ngozi bandia na kauri zilizobandikwa gundi, hazitoki kwa jamii yoyote.

Maamkizi na kurekodi

Meza ya lugha ni kadi na watu tu. Mulembe, chamgei, bwakire, sopa, iska warran, wĩ mwega. Mgeni anajifunza tatu na majibu yake, kisha anatumwa meza nyingine kuzitumia. Uchapishaji ndio hutuponza: duka la kuchapa likiwa halina fonti, ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba hugeuka visanduku, au mtu anaziandika i na u tu, na hizo ni sauti nyingine. Tuma faili ya PDF, ukague nakala moja kwa macho kabla ya kuchapa 50. Kila kadi ikaguliwe na wazungumzaji wawili wasiotoka kijiji kimoja. Na usiandike "Kiluhya" kama lugha moja. Andika Lubukusu, Lulogooli, Olunyore, kulingana na aliyepo. Kalenjin na Mijikenda ni hivyohivyo, majina mwavuli juu ya lugha kadhaa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli pamoja na lugha za asili. Wakalimani wawe wawili, wapokezane kila dakika 20. Mmoja akifanya saa nne peke yake, saa ya pili tayari anaruka maneno.

Wazee wakianza kusimulia utataka kurekodi. Simu inatosha: iweke kwenye hali ya ndegeni, maikrofoni sentimita 20 kutoka mdomoni, ndani ya chumba chenye mapazia au hata ndani ya gari lililofungwa vioo. Sauti ya WAV ya mono ni kama megabaiti 5 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ni karibu megabaiti 300. Mwanzoni kabisa mzee aseme mwenyewe kwa sauti: jina, lugha, tarehe, na kama anakubali irushwe mtandaoni au ibaki kwa familia. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa asilia na utamaduni inataka idhini ya wenyewe kabla ya maarifa yao kutumiwa na watu wengine, na hata ukiwa mjukuu wake, iombe. Saa moja ya sauti inaweza kula siku nzima ya kuandika. Rekodi dakika 15 nzuri ziandikwe, kuliko saa tano zinazooza kwenye simu hadi simu iibiwe kwenye matatu.

Pesa

Mkataba wa UNESCO wa 2005 unasema kazi za utamaduni zina sura mbili, ya utamaduni na ya uchumi. Waandaaji wetu wengi wanaijua ya kwanza tu: hema linalipwa, mitambo ya sauti inalipwa, mpiga nyatiti anaambiwa atapata jina. Jina halinunui unga. Tenga nusu ya bajeti kwa watu, yaani wapishi, wapigaji, wakalimani na wasokotaji, na uandike kiasi cha kila mmoja kabla ya kukodi kiti hata kimoja. Nusu ya malipo iende kwa M-Pesa Ijumaa, maana mboga na maziwa hununuliwa kwa pesa taslimu, na nusu ya pili kabla ya mtu kupanda gari Jumapili jioni. Wote wa meza moja walipwe sawa. Tofauti ya shilingi mia mbili kati ya wapishi wawili wa makabila mawili, waliosimama bega kwa bega saa nne, itajulikana kabla ya vyombo kuoshwa.

Vyombo vyenyewe: kila sufuria ya kuazima ipigwe alama ya rangi ya kucha chini ya kitako, rangi moja kwa kila mwenyewe, na orodha ikae kwa mtu mmoja asiyepika. Vibuyu visioshwe kwa sabuni. Virudishwe kwa wenyewe jinsi vilivyo, wanajua la kufanya.